Bwawa la Kuzamia na Watu wa Nyasa

Mtu akimweleza mkulima wa kahawa wa Litembo kwamba katika nchi za mbali wako watu wanaolipa fedha ili waingie ndani ya jumba lenye dari, wafunge mitungi ya hewa mgongoni, kisha wazame katika bwawa lenye kina cha meta 60, yamkini mkulima huyo atacheka, na baada ya kucheka atauliza swali la haki: Je, watu hao hawana ziwa? Sisi tunalo Ziwa Nyasa, lenye urefu wa kama kilometa 580 na kina cha meta 700 hivi. Maji yake ni ya vuguvugu mwaka mzima, wala hakuna anayesimama ufukoni kutoza kiingilio. Mbona basi hatusikii kwamba vijana wa Liuli na Mbamba Bay wanazamia kwa kujifurahisha?

Kicheko cha mkulima huyo kina haki yake. Lakini ndani ya mabwawa hayo limo jambo moja linalotupasa, sisi watu wa nchi zenye maziwa na bahari, tuliangalie kwa makini. Maana kwa kulikosa watu wetu wamekufa, na maiti zao zimepata kungoja majini mpaka wageni wafike kuzitoa.

Kwanza tulitazame bwawa lenyewe. Mwaka 2021 lilifunguliwa huko Dubai bwawa liitwalo Deep Dive Dubai, ambalo wakati wa kufunguliwa kwake lilitambuliwa kuwa lenye kina kikubwa kuliko mabwawa yote ya kuzamia duniani, yaani meta 60. Lina lita kama milioni 14 za maji yasiyo na chumvi, yaliyopashwa moto hadi nyuzi 30 za Sentigredi. Chini kabisa umejengwa mfano wa mji uliozama, wenye vyumba na samani, na mzamiaji akitaka aweza kukaa mezani akacheza sataranji huku samaki hayupo hata mmoja. Jumba lenyewe limejengwa kwa umbo la chaza, ili kuwakumbuka watu wa Ghuba waliokuwa wakizamia lulu zamani.

Hapo yafaa tusimame kidogo. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wengi wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki hadi Ghuba walitiwa katika kazi hiyo ya lulu. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio, akatia mguu katika kamba yenye jiwe, akateremka mpaka chini bila mtungi wala kifaa chochote ila pumzi yake, akakusanya chaza katika kikapu, kisha akatikisa kamba ili mwenzake aliye chomboni amvute. Akipanda alipumua kidogo, akashuka tena, na hivyo kutwa nzima, katika miezi ya joto kali. Lulu alizozipata si zake. Kazi hiyo iliporomoka karibu na mwaka 1930, lulu za kupandwa za Wajapani zilipojaa masokoni na biashara ya dunia ikaanguka. Njia ya misafara kutoka nchi za Nyasa hadi Kilwa ilikuwa miongoni mwa njia kubwa za biashara ya watumwa. Basi anayelisifu jumba lile la chaza na akumbuke pia ni mapafu ya nani yaliyofanya kazi ile.

Ulaya nayo ina mabwawa yake. Ubelgiji lipo Nemo 33, mjini Brussels, lililofunguliwa mwaka 2004, lenye kina cha meta 34 na nusu. Italia, karibu na mji wa Padova, lipo Y-40, la mwaka 2014, lenye kina cha meta 42 na maji ya moto yatokayo katika chemchemi za ardhini. Polandi, katika mji mdogo wa Mszczonów, lilifunguliwa mwaka 2020 bwawa la Deepspot lenye kina cha meta 45, na hoteli ambayo mgeni akiwa chumbani mwake huwaona wazamiaji wakipita nyuma ya kioo. Hayo yote ni ya nchi ambazo majira ya baridi huyafanya maziwa yake yasiingilike ila kwa mavazi mazito. Hatuna sababu ya kuwacheka, wala hatuna sababu ya kuwaonea wivu.

Yako mengine ambayo mfanyakazi atapenda zaidi kuyasikia. Mjini Duisburg, Ujerumani, kiwanda kikubwa cha kuyeyushia chuma kilifungwa mwaka 1985. Tangi lake kubwa la gesi halikubomolewa. Lilijazwa maji, lita kama milioni 20, na leo watu huzamia humo hadi kina cha meta 13. Huko Beringen, Ubelgiji, mgodi wa makaa ya mawe uliofungwa mwaka 1989 uliacha eneo lililojaa majengo matupu, na hapo pamejengwa bwawa la kuzamia lenye kina cha meta 10 na samaki wa nchi za joto ndani yake. Sisi wa Mbinga, ambao makaa ya Ngaka yanachimbwa wilayani mwetu, yafaa tuliweke akilini hilo la Beringen: siku mgodi unapokwisha, shimo hubaki, na wenyeji ndio huulizwa watalifanyia nini.

Walakini mabwawa ya kwanza ya kina kirefu hayakuchimbwa kwa mchezo. Huko Gosport, Uingereza, jeshi la majini lilikuwa na mnara uliojaa maji wenye kina cha meta 30, nao ulitumika tangu miaka ya 1950 hadi 2020. Mabaharia wa nyambizi waliingizwa chini yake, wakafundishwa kutoka na kupanda juu wakiwa hai, ili nyambizi yao ikizama vitani au kwa ajali wasiwe wamekufa kabla ya kufa. Na huko Houston, Marekani, wanaanga hufanya mazoezi katika bwawa lenye urefu wa meta 62, upana wa meta 31 na kina cha meta 12, kwa sababu mtu aliyepimiwa uzito sawasawa ndani ya maji haendi chini wala juu, na hivyo huzoea kufanya kazi kama mtu aeleaye angani. Bwawa hilo, kwa hiyo, ni karakana ya mazoezi, na mwanafunzi hukosea humo mahali ambapo kosa halimuui.

Sasa tuyaeleze mambo ya maji yenyewe, maana hapa ndipo penye kiini cha habari. Hewa iliyo juu yetu ina uzito, nayo hutukandamiza siku zote bila sisi kuhisi. Mtu akishuka majini, kila meta 10 za maji humwongezea mkandamizo mwingine ulio karibu sawa na ule wa hewa yote. Akifika meta 10 mkandamizo umekuwa mara mbili. Akifika meta 60 ni mara saba. Na hewa ikikandamizwa mara mbili hupungua nafasi yake kwa nusu.

Mvuvi wetu hodari, anayezamia kunasua wavu ulionaswa na mawe, huvuta pumzi juu, huibana, hushuka, hufanya kazi yake, hupanda akiwa angali ameibana, kisha huitoa. Hewa iliyomo kifuani mwake husinyaa anaposhuka na hurudi kipimo chake cha kwanza anapopanda, haizidi. Tangu utotoni amefundishwa na baba yake sharia moja: bana pumzi. Mpe mvuvi huyo mtungi wa hewa. Akiwa meta 10 chini atavuta kutoka mtungini hewa iliyokwisha kukandamizwa, kifua kitajaa. Kisha akitishika, akabana pumzi kama alivyozoea maisha yake yote na kukimbilia juu, hewa ile itapanuka mara mbili ndani ya mapafu yasiyoweza kupanuka kiasi hicho. Mapafu yatapasuka. Tabia iliyomwokoa mara mia ndiyo itakayomuua, na kadiri alivyo hodari zaidi ndivyo alivyoizoea zaidi.

Ujasiri hautoshi kuiondoa tabia hiyo. Itaondolewa na mazoezi tu, mara nyingi, katika maji matulivu na meupe, mwalimu akiwa karibu kiasi cha kumshika mwanafunzi mkono. Wala hapahitajiki kina kirefu. Mabadiliko makubwa ya hewa hutokea katika meta chache zilizo karibu na uso wa maji, na mapafu yaweza kudhurika hata kwa kupanda kutoka kina kinachozidi meta moja kidogo tu, mtu akiwa amejaza kifua na kubana pumzi. Kwa sababu hiyo bwawa la meta 4 au 5 lafundisha somo hilo sawasawa na la meta 60.

Tazameni sasa yaliyotupata. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Habari nyingi za ajali ile zaeleza kwamba meli ilipokuwa ingali inaelea tumbo juu, na watu wakisikika wakigonga ndani, palitobolewa tundu ili watolewe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, nayo ikazama pamoja nao. Waliotoboa walikuwa na huruma na haraka. Kilichokosekana ni ujuzi wa hewa na maji. Baadaye wazamiaji wa jeshi la majini la Afrika Kusini ndio waliokuja kusaidia kutoa maiti.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Siku mbili baadaye wazamiaji walioingia ndani ya kivuko kilichopinduka walimtoa mtu mmoja akiwa hai, fundi wa mitambo, aliyekuwa amepata hewa iliyobaki. Mtu mmoja ni haba mbele ya mamia, lakini kwa nyumba yake si haba. Na asingetoka lau wangekosekana watu wa kuingia.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi nyuma likatumbukia kutoka kivuko cha MV Harambee huko Likoni, Mombasa, likiwa na mama na mtoto wake. Lilizama hadi kina cha meta 58 hivi. Wazamiaji wa jeshi la majini la Kenya walifanya kazi kwa shida kubwa, katika maji yenye giza na mikondo ya nguvu, na wazamiaji wa kigeni, wakiwamo wa kutoka Afrika Kusini, wakaongezwa. Gari lilitolewa tarehe 11 Oktoba, siku ya kumi na tatu. Msomaji na akilinganishe kina hicho na kina cha bwawa la Dubai. Kina ambacho mahali pengine ni mahali pa kucheza sataranji, kwetu kilikuwa kaburi la siku kumi na tatu, na familia imesimama ufukoni.

Tena tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Watu 24 waliokolewa, 19 wakafa. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima kwa kusaidia kuufungua mlango wa ndege, na serikali ikaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Agizo hilo lilikuwa jema. Lakini ajali ile ilituonyesha wazi kwamba mwokozi wa kwanza majini, kwetu, ni mvuvi, naye hufika kabla ya mkubwa yeyote na kabla ya chombo chochote cha serikali. Basi apewe mafunzo kabla ya ajali, si baada yake.

Ziwa Nyasa lina msiba wake pia. Mwezi wa Julai 1946 meli Vipya ilizama upande wa ziwa ambao leo ni Malawi, wakafa watu 145. Wazee wa mwambao wanaijua habari hiyo. Na kila mwaka, katika miezi ya Mei hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki hulichafua ziwa, na mitumbwi ya wavuvi wa usiku, wanaokwenda na taa kutafuta dagaa, hupambana na mawimbi ambayo mtu wa milimani hawezi kuyaamini mpaka ayaone. Msafiri wa Litembo anayeshuka kununua samaki, akapanda mashua kwenda kijiji cha pili, mara nyingi hajui kuogelea hata hatua tano. Hilo si aibu yake. Mahali alipozaliwa maji hayafiki magotini.

Wako wanaozamia katika ziwa letu kwa ujuzi. Ni wataalamu na wafanya biashara wa samaki wa mapambo, maana Nyasa ina mamia ya aina za samaki wadogo wenye rangi, wale wa mawe waitwao mbuna wakiwamo, na walio wengi hawapatikani mahali pengine duniani. Samaki hao husafirishwa wakiwa hai, wakatiwa katika masanduku ya vioo sebuleni mwa watu wa Ulaya na Marekani. Jambo la ajabu ni hili: samaki aliyekamatwa kwenye kina hapandishwi juu kwa mara moja. Huwekwa katika chombo akapandishwa kidogo kidogo, kituo baada ya kituo, kwa sababu kibofu cha hewa kilichomo ndani yake kingepasuka. Samaki wa sebuleni amepata uangalizi ambao mvuvi bado hajapewa!

Liko jambo jingine, nalo ni la kwetu kabisa. Mzamiaji anayevuta hewa ya mtungi chini ya maji hujaza damu yake naitrojeni, nayo hukaa humo kimya. Akipanda taratibu hutoka kwa pumzi. Akipanda upesi hutoa mapovu ndani ya damu, kama chupa ya soda iliyofunguliwa ghafula, na mtu huumwa viungo, hupooza, au hufa. Majedwali ya kuzamia yametungwa kwa usawa wa bahari. Juu ya meta 300 hayana budi kusahihishwa. Ziwa Nyasa liko kama meta 475 juu ya bahari. Kwa hiyo mwalimu wa pwani, hata awe stadi, akija Mbamba Bay na jedwali la Dar es Salaam bila kulisahihisha, atawadhuru watu.

Na si ziwa tu. Mbinga na Litembo ziko juu ya ziwa kwa zaidi ya meta 800. Tumepata barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa 66 hivi, na twaishukuru, maana safari iliyokuwa ya kutwa imekuwa fupi. Lakini mzamiaji aliyetoka majini alasiri, akapanda gari kwenda milimani jioni ile ile, amefanya kama aliyepanda ndege: hewa imekuwa nyepesi, na mapovu yatamtoka damuni. Mbaya zaidi, akishikwa na maumivu ufukoni, ndugu zake kwa nia njema watamkimbiza hospitali, na hospitali ya misheni ya Litembo, inayotegemewa na wengi wa nchi hii, iko juu mlimani. Kila kilometa ya kumpandisha itamzidishia ugonjwa. Mgonjwa wa namna hiyo yampasa apewe oksijeni pale pale chini, alazwe, na atafutiwe njia ya kufikishwa kwenye chumba cha mkandamizo bila kupandishwa juu. Dereva wa gari la wagonjwa na muuguzi wa zahanati ya mwambao yafaa wayajue hayo kama wayajuavyo mambo ya malaria.

Twataka nini basi? Hatutaki bwawa la meta 60. Bwawa lenye urefu wa meta 10, upana wa 8 na kina cha 5 huhitaji lita 400,000 za maji. Maji ya Dubai yangejaza mabwawa 35 ya namna hiyo. Upande mmoja uwe na ngazi ya kina cha kiunoni, ambapo watoto wa shule watajifunza kuogelea, wa kike na wa kiume. Huko Zanzibar mradi wa Panje umefundisha wasichana wa Nungwi kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri, wala mila haikuvunjika. Upande wa kina wafundishwe wavuvi wateule, askari polisi wa maji na vijana wa uokoaji.

Atasema mtu: Ziwa lipo bure, wafundishwe humo. Wako mamba katika midomo ya mito, kiko kichocho katika sehemu za fukwe, yako mawimbi. Na mwanafunzi wa siku ya kwanza akitishika, mwalimu asipomwona kwa uchafu wa maji, hatakuwa na siku ya pili. Ziwa ni mtihani, na mtihani hufuata masomo. Wala asiseme mtu kwamba watu wa kwetu hawawezi kuchimba shimo likashika maji. Mmatengo amelima ngolo tangu enzi za mababu: wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa miraba juu ya mteremko, wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafukia, na mlima wote huwa mashimo yanayopokea mvua yasiiache ikaondoka na udongo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na Wajapani walikuja kujifunza jambo hilo kwetu.

Limebaki shauri la mahali. Twasikia kwamba watu wa Litembo, wakisikia habari hii, watalitaka bwawa kwao, kwa kuwa vijito viko tele na hospitali iko karibu. Shauri lao si la upuuzi, na kwa kuogelea tu lingefaa. Lakini kwa mafunzo ya mitungi bwawa na liwe chini, Mbamba Bay, usawa mmoja na ziwa, ili jedwali watakalojifunza wanafunzi ndilo watakalolitumia siku ya kazi, na ili wakitoka majini walale huko huko chini. Karibu na bwawa iwepo nyumba ya kulala yenye vitanda kumi na mbili au zaidi, na mitungi miwili ya oksijeni ikae mlangoni, si ghalani. Mwanafunzi wa Litembo atarudi kwao kesho yake, saa ishirini na nne zikiisha kupita.